Pombe ya Nyumbani na Safari ya Kazi

Mazungumzo kwa wasafiri wa kazi na watu wao wa nyumbani, katika nchi ya Mpanda



Leo twataka kusema nanyi juu ya mambo mawili ambayo kila mtu huyaona kwa macho yake kila mwaka, walakini ni wachache wanaoyaweka pamoja na kuyapima. La kwanza ni pombe inayopikwa nyumbani. La pili ni safari ya kwenda mbali kutafuta kazi. Habari za pombe watu huzisema siku ya ugomvi, na habari za safari huzisema siku ya kuagana, kana kwamba hazihusiani. Sisi tunaoshika kalamu, ambao kazi yetu ni kuandika majina, kuhesabu fedha na kuwasomea watu habari zao, twaona kwamba mambo haya mawili ni mume na mke wa nyumba moja. Mwanamume akiondoka, pombe huongezeka nyumbani. Na pombe ikiongezeka bila hesabu, ghala hupungua. Hilo la ghala ndilo lililotusimamisha mbele yenu.

Hatukuja kuisifu pombe, wala hatukuja kuilaani. Walio na amri ya dini yao wataishika amri yao. Sisi twataka kulifuata debe moja la mahindi tangu linapotoka ghalani, tujue lakwenda wapi, na kama hurudi.

SAFARI SI JAMBO JIPYA

Nchi hii ya Katavi, iliyotengwa na Rukwa na kufanywa mkoa mwaka 2012, ni nchi ya misitu ya miombo, mbuga na mabonde. Wenyeji wake ni Wabende, Wakonongo, Wapimbwe, Wafipa na wengineo. Baadaye walikuja Wasukuma na ng'ombe zao, na watu wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, ambao walipewa makao Katumba na Mishamo. Basi nusu yetu tulio hapa ni watoto wa wasafiri, na nusu nyingine ni wasafiri wenyewe.

Zamani za misafara wapagazi walipita katika nchi hizi wakichukua pembe na vitambaa kati ya Tabora na Ziwa Tanganyika. Stanley alipita Ukonongo na Ukawendi mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone, na mwaka 1879 Wabelgiji walijenga kituo chao Karema, kando ya ziwa. Mpagazi alilipwa vitambaa na posho, na katika vijiji vya njiani alinunua chakula na pombe kwa wanawake waliokaa. Hata siku zile, basi, yule mwenye mzigo alikuwa njiani na yule mwenye chungu alikuwa nyumbani.

Kisha ikaja kodi. Wadachi waliamuru kodi ya nyumba mwaka 1897, na Waingereza baada yao wakatoza kodi ya nyumba na ya kichwa kwa sheria ya mwaka 1922. Kodi ilitaka fedha, na fedha haikuota katika shamba la ulezi. Vijana wa nchi za magharibi na kusini-magharibi wakaenda kuitafuta. Wengine walikwenda Lupa, katika nchi ya Chunya, ambako dhahabu ilikuwa imeonekana tangu mwaka 1922. Wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo sasa ni Zambia. Na wengi walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandika watu, iliyoitwa SILABU, na walioandikwa wakaitwa manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba yake. Kazi ilihesabiwa kwa kipande: siku 30 za kazi, ndipo mshahara ulipwe. Wazee wetu waliokata mkonge walilijua neno kipande kuliko jina la mwezi.

Baadaye kazi ilikuja yenyewe Mpanda. Madini ya risasi yalichimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals, na kwa ajili ya mgodi huo reli ilijengwa kutoka Kaliua, mwendo wa karibu kilomita 210, ikafika Mpanda mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki, nayo hata leo huchukua abiria na mizigo. Siku hizi vijana huenda katika machimbo ya dhahabu, mashamba ya tumbaku, mavuno ya mpunga, na dagaa wa Karema na Ikola. Majina ya kazi yamebadilika. Jambo moja halikubadilika: mtu huondoka wakati fulani wa mwaka, na shamba hubaki pale pale.

JEMBE LILILOBAKI NYUMBANI

Yatupasa kuwaza juu ya shamba hilo. Mvua ya nchi hii huanza mwezi wa Novemba, na hapo jembe halingoji. Mwanamume akiwa mbali, mke hawezi kulima peke yake shamba lililozoea mikono miwili. Fedha ya kuajiri vibarua hana, maana ndiyo ile iliyofuatwa safari. Basi afanyeje? Atapika pombe, na atawaalika jirani.

Hii ni desturi ya kale katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, wala si ya hapa tu. Watu huja alfajiri na majembe yao, hulima hata jua likawa kali, kisha hukaa kivulini wakanywa pombe ya mwenye shamba, na kesho huenda shamba la mwingine. Mgeni apitaye na kuwaona wameketi wanaimba aweza kudhani kuwa ni wavivu. Laiti angekuja saa kumi na mbili asubuhi angaliona jinsi walivyofanya kazi! Pombe ile ni mshahara. Kwa njia hiyo mjane hulimiwa, mgonjwa hulimiwa, na nyumba ambayo mwanamume wake yuko machimboni hulimiwa.

Basi asiyepika pombe kabisa, wala hana fedha, aweza kukosa shamba. Na anayepika bila kiasi aweza kukosa chakula. Kati ya hatari hizi mbili ndipo mama wa nyumba anapotembea, na mara nyingi hutembea peke yake.

JINSI POMBE IPIKWAVYO

Kuna wanaume ambao wamekunywa pombe miaka 20, nao hawajui kazi yake. Kwa ajili yao twaeleza kwa ufupi, ingawa kila nyumba ina njia yake.

Kwanza mama huchukua ulezi, au mahindi, au mtama, akauloweka katika maji muda wa siku moja au mbili. Kisha huutoa maji, akautandaza mahali penye kivuli na kuufunika kwa majani au magunia, akiunyunyizia maji, hata ukamea na kutoa vijimizizi vyeupe. Baada ya siku chache huanika juani ukauke, kisha husagwa au hutwangwa. Huo ndio kimea, na pombe isiyokuwa na kimea kizuri ni taabu bure. Sababu yake ni hii: nafaka inapomea, hutengeneza ndani yake nguvu ya kugeuza wanga wa nafaka kuwa sukari, ili mche mchanga upate chakula chake. Mama huikatiza kazi hiyo kwa jua, akaitumia nguvu ile kwa chungu chake.

Kisha hupika uji mwingi wa unga wa mahindi, akauacha upoe hata uwe vuguvugu, akatia kimea. Uji uliokuwa mzito hulainika na kuwa mtamu: hiyo ni togwa, ambayo hata watoto hunywa ingali mpya. Ukiachwa, chachu huingia kazini. Chachu ni vitu hai vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alionyesha katika karne ya 19 kwamba ndivyo vinavyokula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa ile inayotoa mapovu. Mama zetu hawakusoma kitabu cha Pasteur, lakini walijua kutunza chungu cha jana ili kichachushe uji wa leo, na walijua kusikiliza mapovu kwa sikio.

Pombe ikiiva huchujwa, machicha hutengwa kwa kuku na nguruwe, na pombe huwekwa katika mitungi au mapipa. Tangu kuloweka hata kuchuja, kazi yote yaweza kufika wiki moja na zaidi. Na ikiisha kuiva haingoji: leo ni tamu, kesho ni kali, kesho kutwa ni siki. Kwa sababu hiyo mama hana nafasi ya kuiweka akangoja bei nzuri. Lazima aiuze siku ile au siku ya pili, kwa bei ya siku ile.

Hesabuni sasa mambo aliyoyatoa: nafaka ya uji, nafaka ya kimea, maji madebe mengi aliyoyachota mbali, kuni za kupikia alizozikata msituni na kuzichukua kichwani, na siku zake zote hizo. Mnywaji huona kopo tu. Katika nchi ya Inyonga na mahali pengine penye nyuki wengi, wako wapikao wanzuki wa asali, ambayo haili ghala la mahindi. Na hili ni jambo la kukumbuka, ingawa asali nayo ina soko lake.

SHAURI LA NYUMBA MOJA

Tumesikia mashauri mengi ya pombe, nalo moja twalisimulia kwa sababu lina mafundisho. Majina hatuyataji, wala kijiji hatukitaji, ila ni katika bonde la Rukwa.

Mwanamume mmoja aliondoka mwezi wa Juni, baada ya mavuno, akaenda machimboni. Alimwachia mke wake ghala lililojaa na watoto wanne. Miezi miwili ya kwanza alipeleka fedha. Miezi mitano iliyofuata hakupeleka kitu. Mwezi wa Februari alirudi, mvua zikiwa nyingi, akakuta ghala tupu, na watoto wakila mboga za porini. Palikuwa na mapipa mawili ya pombe uani, matupu nayo. Akapiga kelele, akawaita wazee, akasema kwamba mke wake amewauzia watu mahindi yake kwa kopo.

Mke alisikiliza hata mwisho. Kisha aliwauliza wazee: daftari za watoto zilinunuliwa kwa fedha ya nani? Dawa ya mtoto mdogo alipougua homa, ni nani aliyeilipa? Na shamba, ambalo mume wake aliliona limelimwa na kupandwa, lililimwa na nani, kama si watu walionywa pombe yake?

Mume akasema kwamba mahindi ni yake, kwani shamba ni lake. Mke akasema kwamba pombe ni yake, kwani mikono ni yake. Na wote wawili walisema kweli.

Hapo bibi mmoja, mzee sana, ambaye maisha yake yote alipika pombe, aliuliza swali moja tu. Alimwambia mke, "Mwanangu, tangu mavuno umetoa madebe mangapi?" Mke hakujua. Akamgeukia mume, "Na wewe mwanangu, umepeleka shilingi ngapi, na umekunywa ngapi huko uliko?" Mume naye hakujua. Watu wakanyamaza. Mithali yasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na hapo palikuwa na watu wawili wenye bidii, waliopoteza mali ya mwaka mzima pasipo mwizi.

Wazee waliamua hivi: nafaka ni ya nyumba, wala si ya mume peke yake, kazi ya kupika ni ya mke. Kwa hiyo pombe ikiuzwa, kwanza debe lililotoka ghalani lirudi ghalani. Fedha inayobaki ni ya mke, ayafanyie mambo ya nyumba kama aonavyo, wala mume asiidai. Na mume asafiripo, apeleke fedha kwa mwezi uliopatanwa, kidogo au kingi. Sisi tulioandika maneno yale twaona kwamba hukumu hii ingefaa nyumba nyingi.

HESABU YA GHALA

Sasa tuwaonyeshe kwa tarakimu, ili asiwepo wa kusema kwamba ni maneno ya wazee tu. Hii si hesabu ya nyumba ya mtu fulani. Ni mfano, na kila mmoja aweza kuweka tarakimu za nyumba yake.

Tuseme nyumba ina watu 6, na kila mtu hula nusu kilo ya nafaka kwa siku. Hizo ni kilo 3 kwa siku, na kilo 90 kwa mwezi, yaani karibu gunia moja la kilo 100. Kwa mwaka mzima nyumba hiyo yataka karibu magunia 11. Tuseme walivuna magunia 14. Gunia moja wanaliweka kwa mbegu, kwa wageni, na kwa hasara ya panya na wadudu. Yamebaki 13. Toa 11 ya chakula: yamebaki 2. Magunia hayo mawili ndiyo pombe ya mwaka. Gunia moja ni madebe 6, basi mama ana madebe 12 ya kupikia, ikiwa hanunui nafaka nyingine.

Lakini baada ya mavuno ghala limejaa, watu wana fedha, ngoma na harusi ni nyingi, na pombe haikai. Mama akipika madebe mawili kila wiki tangu mwanzo wa Juni hata mwisho wa Septemba, ni wiki 17, nayo ni madebe 34. Madebe 34 si mawili, wala si 12. Ni magunia karibu 6. Katika yale 13, yamebaki 7 na kitu kidogo. Yagawanyeni kwa kilo 90 za kila mwezi: ni chakula cha miezi 8. Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Mwezi wa Februari, wakati wa palizi, mtu anapohitaji nguvu kuliko siku zote, ghala ni tupu.

Itasemwa: lakini fedha ya pombe ipo, atanunua mahindi. Ndiyo, kama ipo. Walakini yatazameni majira. Mwezi wa Julai kila mtu ana mahindi, na bei iko chini. Mwezi wa Februari kila mtu atafuta mahindi, na bei imepanda. Mama aliyepika debe la Julai akanunua debe la Februari, huenda faida yake yote ikamezwa katika tofauti hiyo, na kuni zake na maji yake yakawa kazi ya bure.

Dawa yake ndiyo ile ya wazee: debe kwa debe. Siku ile ile ya kuuza pombe, kabla fedha haijagusa kitu kingine, sehemu yake inunue nafaka kwa jirani au sokoni, wakati bei ingali chini, nayo iingie ghalani. Ikiwa fedha ya chungu kile haitoshi kurudisha debe na kubakiza kitu, basi chungu kile hakikuwa na faida, na heri mama asikipike tena bali auze nafaka yenyewe, au apike mara moja kwa wiki mbili. Asiyejua kuandika naye aweza kuhesabu: aweke kijiti kimoja katika kibuyu kwa kila debe litokalo, na akitoe linaporudi. Kibuyu kikijaa vijiti, amejua hali yake bila kuuliza karani.

MSAFIRI NAYE

Si haki kumpa mama kazi yote ya kuhesabu, na msafiri aachiwe atembee kama upepo. Kwa hiyo twasema nanyi vijana.

Palipo na machimbo hapakosi kilabu. Mtu mgeni ametoka katika shimo, ana vumbi, hana ndugu, na jioni ni ndefu. Atakwenda pale penye sauti za watu. Hatushangai. Lakini angalieni jambo hili: pombe ya kilabu hupikwa na mama kama mama yenu, naye yuko pale kutafuta ada ya shule ya watoto wake. Kila kopo mnunualo huko hujenga nyumba moja. Basi si vema lijenge nyumba ya wengine, hali nyumba yenu yabomoka. Fedha ya nyumbani itangulie, kisha kopo lifuate.

Zamani msafiri alikuwa na udhuru. Manamba aliyekuwa Tanga alipotaka kupeleka shilingi Mpanda, alitegemea posta iliyo mbali, au mkono wa mwenzi anayerudi, na mara nyingine mkono ule ulikuwa na tundu. Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza katika Tanzania, fedha hupita kwa simu ya mkononi kwa dakika moja, na mama akaipokea kwa wakala aliye karibu naye. Udhuru wa njia umekwisha. Umebaki udhuru wa moyo, na huo hauna wakala.

Tena twawashauri: siku ya kupokea mshahara, pelekeni kwanza, kabla ya kukaa na rafiki. Fedha iliyokwisha kupelekwa haikopeki, wala haiibiwi usingizini. Na kama mwezi huo hamkupata kitu, kwa maana machimbo yana siku zake, semeni hivyo. Mama akijua mapema kwamba fedha haiji, atapunguza vyungu na kuongeza mihogo. Akingoja fedha isiyokuja, atapika mara mbili ili kujaza pengo, na ghala ndilo litakalolipa. Katika kazi yetu ya kusomea watu habari zao, tumeona kwamba neno "sina" lililosemwa mapema limeokoa chakula kuliko ahadi nyingi nzuri.

JUU YA GONGO

Kuna jambo moja ambalo hatuna shaka nalo, nalo ni gongo, au moshi kama wengine waitavyo. Pombe ya nafaka hukaa mwanzo na mwisho katika chungu. Gongo huchemshwa, mvuke wake ukakusanywa, na ukali wake huzidi mara nyingi. Sheria ya mwaka 1966 ilikataza watu kuitengeneza na kuiuza pasipo ruhusa, na pombe nyingine za kienyeji nazo zimewekewa leseni na saa za kuuza kwa sheria ya mwaka 1968. Mwezi wa Machi 2017 serikali ilikataza vileo vikali vya viroba vya plastiki, kwa kuwa hata watoto waliweza kuvinunua.

Hatari ya gongo si ulevi peke yake. Wako wauzaji wanaotia ndani yake spiriti ya viwandani, ambayo ni sumu: hupofusha macho, kisha huua. Mwezi wa Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa kinywaji cha namna hiyo. Hawakuonja tofauti yoyote, kwa sababu sumu ile haina ladha ya kumwonya mtu. Basi mama mwenye sifa njema ya pombe yake asikubali kuwekewa chupa ya mtu mwingine nyumbani mwake aiuze kwa faida ya haraka. Jina lake ndilo litakaloitwa, wala si la mwenye chupa.

MAAGANO KABLA YA SAFARI

Twamaliza kwa maneno manne, ambayo mume na mke wangeyasema wakiwa wameketi pamoja, jioni moja kabla ya mizigo kufungwa.

La kwanza, wahesabu ghala wote wawili, magunia mangapi, na miezi mingapi ya chakula. La pili, wakate shauri ni madebe mangapi yatapikwa pombe, na mangapi ni ya kuwaalika watu shambani Novemba. Hayo ya shamba yatengwe kabisa, kwa maana hayo ndiyo mavuno ya mwakani. La tatu, wakubaliane kwamba debe hurudi kwanza, na faida ni ya mpishi. La nne, wapatane mwezi wa kupeleka fedha, na kwamba mwezi usio na fedha utakuwa na neno.

Maneno haya hayahitaji karatasi wala shahidi. Yahitaji jioni moja tu. Twajua vijana wengi huona haya kuhesabu magunia mbele ya wake zao, wakidhani ni kuonyesha kwamba hawaaminiani. Sivyo. Wanaohesabu pamoja ndio wanaoweza kuachana miezi minane na kuonana tena bila kuwaita wazee.

Safari zitaendelea, kwa kuwa reli ipo, barabara ya lami ya Tabora ipo, na haja ya fedha ipo. Pombe nayo itaendelea, kwa kuwa shamba lataka mikono na watoto wataka daftari. Tuombeavyo ni kwamba mwezi wa Februari, palizi ikiwa kali na mvua ikinyesha, mtoto katika kila nyumba ya msafiri aamke asubuhi akute uji jikoni, nao uwe uji wa kula.

 Wanaokwenda waende salama, na wanaobaki wabaki salama.